Harusi ya Somoe Isiongezewe Muda

Mama Somoe, mke wangu,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia ndani ya soksi za mwenzetu aliyetoka likizo, na bado niliinusa. Mama anaendeleaje na ule mguu? Mfikishie shikamoo yangu, umwambie mwanawe ni mzima, ila jua la huku limemfanya mweusi kuliko sufuria lake la uji. Na wewe je? Usinijibu "sijambo" ukaishia hapo, maana nakujua.

Nianze na lile unalolisubiri. Sirudi mwezi ujao. Tumeongezewa muda tena. Nilishafunga begi, nimeshamnunulia mama na mswala, mara mkubwa wetu akatukusanya asubuhi akatusomea: kura ya maoni bado, majina ya wapiga kura hayajakubaliwa, kikosi cha kulinda amani kinabaki. Nilisema "Lo!" kwa sauti mpaka akanitazama.

Utauliza kinachochelewesha ni nini. Nchi hii ya mchanga inagombewa na pande mbili, na wenyewe wanatakiwa waamue kwa kura. Sasa mwenyewe ni nani? Hapo ndipo penye ugomvi. Kila mtu anaketi mbele ya wazee wawili, mmoja wa upande huu na mwingine wa upande ule, anataja baba, babu na ukoo. Huyu akisema "ni wetu," yule anasema "simjui." Mimi nasimama mlangoni mwa hema wasije wakashikana mashati. Kuna bibi mmoja amekuja tena na tena, jina lake halipiti. Anatandika shuka lake chini, anangoja. Hata sisi askari tumeshaanza kumsalimia kama jirani.

Kwa hiyo maneno yako yamenikuta mahali pabaya. Umeandika kwamba wazee wa Saidi wameteremka tena toka Kipatimu kwa lori kuulizia harusi ya Somoe, barabara imewatupa huku na huku, na kufika Kivinje wakaambiwa baba mtu hajarudi. Na yule mbuzi wa harusi mliyemfunga uani amezaa, na mwanawe naye ana mimba! Nilicheka peke yangu. Halafu nikafika pale chini: "Wamesema hii ni mara ya mwisho. Baba kama hataki kuoza aseme, kijana wao ana duka lake la mitumba Masoko, hakosi mke. Somoe hata chakula hali vizuri." Kicheko kikaniishia.

Unajua kwa nini nimekuwa mgumu. Binti ninaye mmoja. Nilitaka niushike mkono wa Saidi mwenyewe pale msikitini, nimtazame machoni, nimuozeshe kwa mdomo wangu. Uliposhauri mdogo wangu Hamisi awe wakili wangu wa kuozesha, nilikujibu kwa ukali, "Kwani mimi nimekufa?"

Sasa sikiliza. Ijumaa iliyopita mkalimani wetu alikuwa anaoa, akatualika. Imamu ameketi, mashahidi wameketi, baba wa bibi harusi simwoni. Nikamuuliza jirani yangu, "Baba mtu yuko wapi?"

Akanionyesha kule uliko ukuta wa mchanga unaoikata nchi hii vipande viwili. "Yuko ng'ambo. Hajamwona binti yake tangu ananyonya. Ametuma neno."

Akasogea mzee mmoja, akalitaja jina la yule baba, akaushika mkono wa kijana, akaozesha kwa niaba yake. Vigelegele vikalia. Mama Somoe, nililia. Jirani yangu akanipa kitambaa, alidhani mchanga umeniingia machoni.

Yule baba amezuiwa na ukuta na mabomu yaliyofukiwa. Mimi namzuia mwanangu kwa sababu nataka kuonekana nimesimama mbele. Kura ya hawa watu hakuna wa kuwapigia, lazima waingoje, na mimi nimeletwa kungoja nao. Lakini Somoe ana baba mdogo.

Basi ninaandika mbele ya wenzangu wawili, Waislamu wa huko huko Lindi, nao wameweka sahihi zao: mimi, baba yake Somoe, nimemfanya mdogo wangu Hamisi wakili wangu, amuozeshe binti yangu kwa Saidi. Kwanza muulizeni Somoe mwenyewe. Akiridhia, tumeni mtu Kipatimu, na shughuli iwe kabla ya masika, lori lisije likakwama na bwana harusi. Siku yenyewe Hamisi alitaje jina langu lisikike mpaka barazani, asimung'unye kama kawaida yake.

Nisalimie shemeji, mke wa Hamisi, pilau ni lake. Msalimie mwadhini jirani yetu, na asante zangu kwa kumwangalia mama. Mbuzi mchinjeni. Mwanawe mwacheni, nitamkuta.

Somoe mwambie baba yake hajakasirika. Mwambie pia kwamba nampenda, ila nikianza kumwandikia mwenyewe kalamu inakataa.

Kanzu niliyoishonesha kwa siku ile imo sandukuni, chini ya doti zako za kanga. Mpe Hamisi aivae. Itampwaya mabegani, najua. Usiipeleke kwa fundi kupunguzwa.

Mumeo anayekuwaza,
Baba Somoe