Namba za Chaki kwenye Ukuta wa Gereji

Dada yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote. Natumaini wewe na watoto hamjambo huko ulikohamishiwa kikazi, na kile kifua kimeacha kukusumbua. Huku Mama ni mzima, anakula vizuri na kunigombeza vizuri zaidi. Mimi nina afya, ila roho imechafuka, na aliyeichafua ni mume wako.

Shemeji amenunua pikapu mpya, na sasa anataka tubadilishane: yeye achukue gari la marehemu Baba, sisi tubaki na pikapu. Nakuuliza, mtu mwenye akili timamu anatoa gari la mwaka huu ili apewe lililotuzidi umri sote wawili? Nilimwambia usoni kwamba gari la Baba halina siri: ukifungua boneti unaona injini yote, mpaka ardhi chini yake. La kwake ukifungua unakutana na mfuniko wa plastiki, kama karani anayekwambia bosi hayupo. Tena linakupigia milio kama mwalimu wa zamu. Alicheka, akasema shemeji, hii ni gari, si serikali, acha kuipinga.

Kicheko hicho ndicho kilichonitia shaka. Unakumbuka Baba alivyokuwa akiandika kilomita kwa chaki ukutani kila alipoegesha? Mimi nimeendelea. Jumapili moja nilikuta gari limezidi namba ya ukutani kwa kilomita kumi na moja. Jumapili iliyofuata, tisa, na kiti kimesogezwa mbele. Nikajua tu Shemeji ana mnunuzi analijaribu. Nilimuuliza Mama, akasema labda panya wamejifunza kuendesha, akaendelea kukunja nguo.

Basi nikafungua boneti, nikatoa rota, kile kipande kidogo ambacho bila hicho injini haiwaki, nikakitia mfukoni. Siku hiyo nilitembea kifua mbele.

Alhamisi Shemeji alinijia ana hasira na gari la Baba, akafichua yote. Dereva alikuwa Mama. Baba hakuwahi kumruhusu kushika usukani, na mumeo amekuwa akimfundisha kila Jumamosi nikiwa kazini kwangu gazetini. Alitaka gari lihamie kwake ili wajifunze mbali na macho yangu. Mama ndiye aliyekataza nisiambiwe, akisema nitamfanya makala. Asubuhi hiyo ilikuwa ya mtihani wa leseni. Gari likagoma, wakaenda na pikapu. Mama haoni vizuri mbele ya boneti lile refu. Milio ikamchanganya, akapanda ukingo wa barabara. Amefeli.

Nilimpa Shemeji pole, Dada, huku rota iko mfukoni. Mimi, niliyeandika gazetini miaka ishirini kwa jina la Bwana Mdomo kutetea haki za wanawake!

Jioni nilimkuta Mama ameketi ndani ya gari, mikono juu ya usukani. Alisema polepole kwamba hata kaburini mume wake hataki aendeshe. Hapo ndipo niliposhindwa.

Rota nimeirudisha. Mtihani utarudiwa baada ya wiki mbili. Leo nikishaposti barua hii nakwenda kumwambia Mama. Nimeanza na wewe ili nisipate pa kukimbilia. Ukiipata, mpigie simu umuulize kama nimekiri. Maneno niliyomsema mumeo huko juu siyafuti, uone nilivyokuwa.

Chaki nimeiacha kwenye kiti cha dereva. Namba zinazofuata ataandika yeye.

Unisalimie watoto, na uniombee msamaha kwa mwenye pikapu.

Mdogo wako mwenye aibu,
Bwana Mdomo