Ng'ombe Waliosubiri Langoni

4 Chapel Row,
Wenfold, Shropshire.
10 Novemba 2004

Mpendwa Shangazi Delyth,

Kabla hujasoma zaidi, nakuomba yote yaliyomo humu yabaki kwako. Hata Graham usimsomee kwa sasa. Kuna mtu anaweza kuumia kwa neno moja tu, nami naogopa kuipoteza kazi yangu.

Mko salama huko? Natumaini goti la Graham limepona baada ya kupasuliwa, na Tamsin ameizoea shule mpya. Sisi ni wazima wa mwili. Mvua haikatiki, na Baba bado anagombana na bomba la jikoni.

Najua Babu hakukuambia, maana kwenye simu kila kitu kwake ni shwari. Jumanne ya wiki mbili zilizopita, asubuhi yenye ukungu, ng'ombe wa hifadhi ninakofanya kazi walitoka wakaingia barabarani, wakagongwa na lori la mbao. Wawili walikufa, na dereva alivunjika mkono. Mmoja wa ng'ombe waliokufa ni Gwladys, yule mwekundu mwenye manyoya hadi machoni. Babu alimpa jina la mama mkwe wake kwa sababu alimtazama kila mtu kana kwamba kaingia sebuleni na matope.

Unakumbuka jinsi Babu alivyokuwa Bibi Nesta alipofariki, anashinda na nguo za kulalia, hata redio hataki. Kujitolea kukagua ng'ombe ndiko kulikomwinua. Kila mjitolea ana siku yake. Hupanda mlima wa Gorsty Bank, huwahesabu, hutazama miguu, macho na maji yao ya kunywa, kisha hunipigia simu ofisini. Siku ya Babu ni Jumanne.

Lango la chini lilikutwa wazi, na aliyekagua Jumatatu, siku moja kabla, ni Bi Hilary Meredith, yule mwalimu mstaafu. Anasema alilifunga, mara anasema hana hakika, kisha analia. Bwana Prothero, mkuu wangu, ameamua kumwondoa mbele ya wajitolea wote kwenye mkutano wa Alhamisi tarehe 25.

Mimi jambo moja lilikuwa halinikai akilini. Ng'ombe hao waliletwa ili wale majani magumu ya huko juu, wala hawana sababu ya kushuka. Basi walifuata nini langoni?

Jana nilikuwa na mapumziko, nikamsindikiza Babu. Sita waliobaki walikuwa wamekwisha kusimama pale, pua juu ya lango. Babu hakupanda mlima. Alitoa ndani ya koti kopo la biskuti lililojaa chakula cha mifugo, akalitikisa. Wakaanza kusukumana.

"Taratibu, walafi nyie. Na wewe mama, toa pembe yako mbavuni mwangu."

"Babu, si tumekatazwa kuwapa chakula?"

"Waliokataza wana magoti mazima. Wenzangu wanapanda mpaka roho inataka kutoka, mimi nawahesabu nimesimama hapa hapa. Tangu Pasaka, na huyo Prothero wako hajui kitu. Nawe ufunge mdomo."

Akawapapasa mmoja mmoja. Kisha akasema, "Hilary angelifunga tu hili lango, Gwladys angekuwa hapa ananikanyaga."

Nilimwuliza walikuwa wanafanya nini langoni asubuhi ile.

"Walikuwa wananisubiri," alisema, akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Jumanne yangu wanaijua, Beth. Nani mwingine ananisubiri mimi siku hizi?"

Shangazi, amelisema mwenyewe na hajaliona: kopo lake ndilo lililowashusha langoni. Alilifunga lango, akalivuta kuhakikisha, tukarudi nyumbani akinisimulia habari za Gwladys njia nzima.

Siwezi kumwacha Bi Hilary aubebe mzigo huu peke yake. Tena ng'ombe wataendelea kusimama kando ya barabara mpaka afe mtu. Lakini kwenda kwa Bwana Prothero nyuma ya mgongo wa Babu nako siwezi. Nimeamua kumwambia Babu mwenyewe Jumanne tarehe 23, ili Alhamisi asimame aseme kwa kinywa chake. Asiposema, nitasema mimi. Watamwondoa, hilo najua. Sijui Jumanne zitakazofuata atazipitishaje.

Nakuomba umpigie simu jioni hiyo, kwako itakuwa Jumatano asubuhi. Usioneshe kwamba unajua. Mwulize habari za ng'ombe, kisha umsubiri aseme mwenyewe. Usimwambie kwamba si kosa lake. Atajua unamdanganya.

Nisalimie Graham, Tamsin na Owen. Baba anakukumbuka sana. Mungu awatunze huko ng'ambo, na siku hiyo akupe sauti isiyotetemeka.

Ni mimi, binti wa kaka yako, ninayekupenda daima,
Bethan

Kunijibu: usiandike hapa nyumbani, Babu ndiye anayeziokota barua mlangoni. Ofisini pia usiandike, Bwana Prothero hufungua bahasha zote. Piga simu kwa Maureen Bebb, dukani kwake, saa saba mchana kwa saa za huku. Mimi hupita hapo kununua mkate. Mwambie unamtaka Bethan, usiseme zaidi. Baada ya tarehe 23 piga nyumbani saa yoyote. Nitakuwa nimekaa naye.