Maiki ya Kaka Shomari

Jumamosi usiku

Nimerudi Magomeni na hasira zangu, hata chai sijagusa.

Leo tumeonyesha filamu yetu ya chuo, ya kutisha, kwenye kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, cha Kariakoo kilichojaa wanafunzi wa sekondari. Mwenye kibanda, Kaka Shomari, amezoea kutafsiri filamu za Kikorea kwenye maiki. Yetu ni ya Kiswahili! Akaishika maiki vilevile.

Kuna ukimya kwenye filamu tumeuhangaikia sana: Zuhura, mhusika wetu mkuu, amejificha nyuma ya marobota ya mitumba, anasikia nyayo tu, hajui ni za nani. Shomari akapayuka: "Muuaji ni baba yake mdogo! Huyo anakuja!"

Nikamfuata. "Kaka, umetuharibia!"

"Dada, hawa ukiwanyamazia wanashika simu."

Ningekuwa na nguvu ningembamiza na benchi lake.

Ila watoto walisimama wote wakipiga kelele, "Zuhura, kimbia!" Binti mmoja alijifunika uso kwa ushungi. Chuoni, tulipoionyesha mara ya kwanza, kwenye ukimya wangu uleule, mwalimu alipiga miayo.

Hilo ndilo linaloniuma. Waliogopa kwa sababu walishajua ni nani anayekuja, na mimi ndiye niliyekuwa nawaficha jambo hilo.