Kwenye Kaburi la Babu Yeremia

Chilangala, Newala

Kaka Alfredi,

Shikamoo. Huku mikorosho imeanza kutoa maua, na mama anakusalimu.

Jumamosi tulimpeleka Baba Masasi, kwenye kanisa la kale, akasali kaburini kwa Babu Yeremia, yule mzee wetu aliyekombolewa utumwani. Gari lilikuwa la Mujibu, mume wa dada yetu Dominika. Unajua Baba hakuipenda ndoa ile ya Mwislamu. Asubuhi Mujibu alimnyooshea mkono, Baba akapita kama hakumwona.

Makaburini Baba alitangulia, akapiga magoti, akaanza kusali. Lakini kaburi lile lilikuwa la mmisionari. Mimi na Dominika tukatazamana, tukaogopa kusema. Mujibu ndiye aliyemwendea.

"Baba, Babu yuko huku," akamwambia taratibu, akamshika mkono na kumwekea vidole juu ya jina lililochongwa.

Baba alilipapasa herufi kwa herufi. "Umejua lini?"

"Leo asubuhi, niliponyoosha mkono."

Sisi tulidhani ni chuki, kumbe macho yamekwisha naye anatuficha. Alirudi garini amemshika Mujibu bega.

Ametukataza kukuambia, maana anajua utamzuia kwenda shambani. Lakini leo ameondoka tena na panga, peke yake, na nilipomfuata akanifukuza. Wewe ndiye mwanawe wa kwanza, labda atakusikia. Njoo, kaka, kabla hajajikata.

Mdogo wako,
Rose