Kakakuona wa Karatasi Moja

Kwako mdogo wangu,

Nakusalimu kwanza kabla sijaanza kulalamika, maana unanijua. Natumaini hujambo, na kile kikohozi cha vumbi la karatasi kimekuachia. Mama hajambo. Goti linamsumbua akipanda ngazi tu, kwa hiyo ameacha kupanda ngazi, na sisi tunapanda kwa niaba yake. Shemeji yako anakusalimu. Mimi nami sijambo, kwa asilimia themanini hivi: kidole cha shahada sasa kinakunjika chote, cha kati kinafika nusu kisha kinasimama kama mtu aliyesahau alichofuata.

Nakuandikia kukushukuru kwa karatasi. Lile bomba la kadibodi lilifika na karatasi kumi na nne, nilizihesabu mara mbili, na kwenye pembe ya kila moja umeandika kwa penseli gramu ishirini na nane kwa mita ya mraba, ukachora na mshale wa kuonyesha nyuzi zimelala upande gani. Barua haikuwemo. Sikuficha hasira zangu. Miezi saba imepita tangu mashine ya kukatia kadibodi inibane mkono, na tangu wewe ufungashe nguo zako ukaenda kuajiriwa kwa wachapaji wa vitabu, huku kiwanda kizima kikiamini kwamba wewe ndiye uliyeiacha mashine bila kinga. Miezi yote hiyo hukuja kunitazama, halafu unaniletea karatasi kama mtu wa sampuli. Nilimwambia Mama hivyo hivyo. Akanijibu kwamba kama sizitaki, yeye ana makabati ya kutandika.

Najua ni yeye aliyekupigia simu akakueleza shida yangu, lakini Mama akisimulia mambo huruka nusu, kwa hiyo nitakueleza mwenyewe.

Pale hospitali kuna mwalimu wa mazoezi ya viungo tunayemwita Bi Taratibu, kwa sababu neno hilo humtoka kama mara arobaini kwa saa. Alianza kwa kunipa mpira wa kufinya. Niliufinya siku tatu, siku ya nne nikamwambia kwamba mimi nilianza na meza moja na mkasi mmoja, leo nina watu kumi na mmoja na maboksi elfu tisa kwa wiki, na sikuzaliwa kufinya mpira. Hakubishana. Alifungua droo akanipa michoro ya kukunja kakakuona kwa karatasi moja ya mraba, bila kukata wala kutia gundi. Magamba tisini na sita, mikunjo mia mbili na kumi na mmoja. Aliniambia kwamba siku nitakayomletea huyo mnyama amekamilika mpaka mkia, ataniandikia cheti cha kurudi kwenye mashine. Kabla ya hapo nisimsumbue.

Nilidhani ni kazi ya wiki moja. Mtu aliyekunja maboksi miaka kumi na tisa atashindwa na mdudu wa karatasi?

Karatasi inatakiwa iwe sentimita arobaini na nane kila upande. Unaigawa mara tatu, kisha nusu, nusu, nusu, nusu, unapata mistari arobaini na minane kwa kila upande, yaani viboksi elfu mbili mia tatu na nne vya sentimita moja moja. Pale kwenye pua zinakutana tabaka thelathini na mbili. Nilianza na karatasi ya ofisini, iliyo nzito karibu mara tatu kuliko hizi zako, na kabla sijafika puani ikapasuka mgongoni. Nikachukua karatasi ya kufungia zawadi, wino ukabanduka kwenye kila mkunjo, mnyama akaonekana ana upele. Karatasi ya kaki ina nguvu lakini ni nene, puani ilifura kama ngumi. Ya kuokea mikate inateleza, ukiikunja inajikunjua ukigeuka kutafuta chai. Nikajaribu zote nne, na hata zile zilizovumilia, mkia uliishia kupinda kulia. Mama alimwona yule wa kaki juu ya meza akauliza kiatu hicho ni cha nani na mwenzake yuko wapi.

Kila nilipokwenda kwa Bi Taratibu nilimweleza ubaya wa karatasi niliyotumia, kwa vipimo na kwa tabaka. Alinisikiliza vizuri sana. Mara ya nne akasema, kwa upole wake ule, kwamba nina bahati kugombana na karatasi, kwa kuwa haina mdomo wa kujitetea.

Ndipo zikaja za kwako. Mdogo wangu, sijawahi kushika karatasi kama hiyo. Nyepesi kiasi kwamba ukipumua inahama, na bado ukiivuta haichaniki. Inashika mkunjo na kuukumbuka kesho yake. Pua ilikaa, magamba yakainuka moja moja kama ya mnyama mwenyewe, na kidole changu kile cha kati, ambacho kwa wiki kadhaa kilikuwa kinaangalia tu wenzake wakifanya kazi, kikaanza kusukuma. Nilikunja siku nane nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu nilazwe. Siku ya tisa nikafika mkiani. Ukapinda kulia.

Nilimpelekea Bi Taratibu hivyo hivyo, safari hii bila maelezo, maana hapakuwa na la kuisingizia karatasi. Akaniambia tumfungue. Tukamkunjua gamba kwa gamba mpaka akawa karatasi tena, imejaa mistari, akaniwekea rula juu. Mkunjo wa kwanza kabisa, ule wa kugawa mara tatu, ulikuwa umekosea milimita mbili. Aliniuliza niliupimaje. Nikasema kwa macho. Mimi sipimi theluthi kwa rula, kila mtu kiwandani anajua hilo, huwa nawacheka wanaopima. Nilirudi nyumbani nikazipima na zile nne za mwanzo. Zote, milimita mbili, upande ule ule.

Nilikaa mezani na zile karatasi tano na rula, nikajua kwamba sitakuwa na pa kujificha tena. Ninachokuambia sasa nilipaswa kukuambia miezi saba iliyopita.

Ile Alhamisi ya ajali, asubuhi, ulipaka mashine mafuta, ukarudisha kinga, ukafunga skrubu zote nne. Niliziona zimefungwa. Ulipotoka kwenda kupokea mzigo wa kadibodi, mimi ndiye niliyezifungua. Kinga ilikuwa inanichelewesha sekunde mbili kwa kila boksi, na siku ile tulikuwa na maboksi elfu moja na mia nane, yaani saa nzima. Nilitaka ile saa. Msimamizi wa kiwanda alipokuja wodini kuuliza ilikuwaje, nilimjibu kwamba wewe ndiye uliyepaka mafuta asubuhi. Kila neno lilikuwa kweli, na nilijua vizuri ataelewa nini. Mara ya pili sikuhitaji hata kusema, kwa sababu wengine walishaanza kusema kwa niaba yangu. Baada ya miezi mingi nilikuwa karibu kuamini mwenyewe.

Nilimweleza Mama wa kwanza. Alikuwa anakunja nguo zilizokauka, na hakuacha kukunja. Alisema anajua. Alisema ulipochukua aproni yangu hospitali siku ile ile ya ajali ili uifue, ulizikuta skrubu nne mfukoni, ukamwonyesha, ukamkataza kusema mpaka nipone. Kisha akaniambia ulikuja mara mbili wakati niko mazoezini, ukapitia mlango wa nyuma usije ukakutana na watu wa kiwandani hapo mbele ya nyumba, ukakaa naye saa nzima na kuondoka kabla sijarudi.

Nashindwa kuandika jinsi ninavyokushukuru, na hapo hapo bado nina ugomvi na wewe. Ulikuwa na ushahidi mkononi. Uliniacha nikuseme miezi saba, wewe ukikaa huko unanichagulia karatasi na kunichorea mishale. Mtu anafanyaje na mdogo wa namna hiyo?

Jumatatu kabla ya zamu niliwakusanya wote kumi na mmoja mbele ya mashine nikawaeleza, pamoja na habari ya skrubu. Yule mama wa gundi akasema kwamba mwaka huu wamekunywa chai nyingi wakikusema wewe, sasa nani atayameza yale maneno. Nikasema mimi. Akasema haya, basi niende nikakuandikie. Maelezo hayo hayo nimeyabandika ukutani juu ya mashine, nimetia sahihi, na hakuna ruhusa ya kuyabandua.

Kakakuona wa sita nilimpima kwa rula. Mkia umenyooka, na cheti kimeandikwa. Karatasi zako kumi na mbili zilizobaki nimezilaza bapa kabatini, na Mama amekatazwa kuzigusa.

Mama alitaka nikupigie simu. Nilikataa, kwa kuwa kwenye simu ungesema hamna neno dada kabla sijafika nusu, na mimi ningelipokea neno hilo haraka sana. Isome yote, ukasirike kadiri inavyostahili, halafu unijibu utakavyo.

Sikuombi urudi kufanya kazi kwangu. Huko uliko wanakuthamini, hata karatasi zako zinasema hivyo. Naomba kimoja tu. Ukija tena kumwona Mama, njoo mchana watu wa kiwandani wakiwa kazini hapo mbele, na uingilie mlango wa mbele.

Mama anakusalimu, anasema ule vizuri. Shemeji yako anakusalimu tena. Wasalimie wanaokutunza huko.

Ni mimi,
Dada yako