Karai Chini ya Pikipiki

Tumati, Mbulu
18 Agosti 2005

Dada yangu mpenzi Juliana,

Shikamoo dada. Shemeji Hhando naye umpe shikamoo yangu, na watoto wote wa hapo Endasak uwaambie mama yao mdogo anawakumbuka. Natumaini mguu wako umepona na kwamba maharage mmeyamaliza kupiga kabla upepo wa huko mlimani haujayabeba. Huku kwetu baridi ni kali lakini afya zipo. Mimi mdogo wako sijambo, ila tu usingizi umekuwa mwepesi, na sababu yake utaiona humu ndani.

Ujumbe wako ulioutuma kwa kondakta wa basi umenifikia. Unauliza kama ni kweli ndama wako jike niliyekuwa nakutunzia, yule mwekundu mwenye paji jeupe, ameuawa na jirani yangu Nicodemo kwa chumvi yenye sumu. Unasema pia shemeji ameshakubali kuja keshokutwa Jumamosi kwenye kikao cha wazee, aseme mbele yao kwamba mali iliyokufa ni yake, na Nicodemo atengwe: asisalimiwe, asipewe moto, asisaidiwe shamba. Dada, nakuomba kabla shemeji hajavaa koti lake, umsomee barua hii yote mpaka mwisho. Asiishie katikati, maana katikati nitakuwa bado nasema maneno yangu.

Ndama amekufa, hilo ni kweli. Kwa hiyo nianze na pikipiki.

Unajua Modest wangu. Watoto wa wenzetu walimaliza shule wakarudi kukaa barabarani kuhesabu mabasi, lakini wangu, serikali ilipoacha kuleta mabwana mifugo vijijini na kusema kila mtu ajitegemee, yeye akasomea chanjo na dawa za ng'ombe, na leo ng'ombe wa Tumati nzima wanamfahamu kwa sauti. Ule mradi wa kilimo ulipofungwa na vitu vyake kupigwa mnada, Modest ndiye aliyeondoka na pikipiki kubwa. Siyo hizi za kupozwa na upepo zinazolia kama mbuzi mwenye mafua. Hii ina rejeta, kama gari! Maji ya kijani yanazunguka ndani ya mipira miwili myeusi, yanapoza injini, yanarudi. Wilaya nzima ya Mbulu sijaona nyingine. Nicodemo, ambaye mali yake yote ya magurudumu ni baiskeli isiyo na breki, alipoiona alicheka akauliza kama pikipiki inayokunywa maji inalishwa na majani pia. Nikamjibu kwamba yake hainywi kwa sababu ilikwisha kufa siku nyingi. Watu walicheka, na aliyechekwa ni yeye.

Mwezi wa sita Modest alinipakia tukaenda Mbulu mjini, kwa Zubery, yule kijana wa duka la spea karibu na soko. Baba yake alikuwa akiuza vitenge, sasa mwana amefunga bisibisi kiunoni anajiita fundi. Akainama kwenye pikipiki yetu, akaibonya ile mipira kwa kidole gumba kama mtu anayechagua parachichi, akasema imezeeka, ibadilishwe. Nikamwuliza imezeeka wapi wakati inang'aa. Akasema mpira wa rejeta hauamuliwi kwa kuutazama. Unaubonya injini ikiwa baridi. Ukiwa mkavu unalia kama kuni, toa. Ukiwa umelegea kama ulimi, toa. Ukivimba karibu na kile kibano cha chuma, usilale nao. Na hata kama hauna dalili yoyote, ukifika miaka minne au mitano toa tu, kwa sababu unaanza kuoza ndani, nje inabaki nzuri.

Dada, nilicheka mpaka wateja wakageuka. Nikamwambia ng'ombe tunajua umri wake kwa meno, sasa huo mpira wake una meno mangapi? Anayeuza mipira lazima aone mipira ya watu wote imeoza. Modest akaniambia taratibu kwamba Zubery anasema kweli, na kwamba mipira hii ilikuja na mradi, ina miaka minane. Nikamwuliza yeye amenyonya ziwa la nani, langu au la Zubery. Mtoto wangu ana adabu. Aliagiza mipira mipya kimyakimya, ikawa inasubiriwa kutoka Arusha.

Mwezi wa saba mwishoni akaitwa Babati kwenye semina ya chanjo, wiki tatu. Tangu tupewe mkoa wetu wenyewe, kila kitu ni Babati, na hawaiti mtu hovyo. Kata yetu walimwita yeye peke yake. Alikataa kwenda na pikipiki. Akasema mipira ile haitaumaliza mteremko wa Magara. Akaiingiza ndani, akaiegesha upande wanakolala ndama kwa ajili ya wezi, akaniomba mambo mawili: nisiiwashe, na Zubery akileta mipira nimruhusu aifunge.

Zubery alikuja kweli, kwa miguu kutoka kituo, mipira begani kama mtu aliyeua nyoka. Sikumruhusu kuvuka mlango. Nilimwambia akawauzie wapumbavu wa Dongobesh. Alinisihi jambo moja tu, kwamba nisiiguse mipira, wala nisiipake kitu chochote. Nikamwambia nilikuwa nalainisha kamba za ngozi kabla baba yake hajajua kufungua duka. Akasema sawa mama, akashuka mlima na nyoka wake.

Basi alipoondoka tu, nikachukua samli. Ile nzuri, ya ng'ombe wako. Nikaipaka mipira yote miwili kama tunavyopaka kamba, nikaisugua mpaka ikang'aa kama viatu vya padri. Ikawa laini kweli. Nilijisifu mwenyewe, maana hapakuwa na mtu mwingine. Na asubuhi nikawa nabonyeza kile kitufe naiwasha, kidogo tu, ingurume, Nicodemo asikie huko kwake kwamba kwa Modest bado kuna uhai.

Nicodemo naye siku moja akaja. Alikuwa amerudi kutoka ziwa Balangida na gunia la chumvi ya ng'ombe, akapita kila nyumba anagawa, kama vile hatumjui kwa ubahili. Akasimama kizingitini akamsifu ndama wako, akasema paji lile litamletea Juliana bahati. Akampa chumvi mkononi. Ndama akalamba, akamlamba na kidole. Siku ya tatu ndama akaanza kuyumba kama mlevi, akahema kama aliyekimbizwa, akalala. Siku ya nne akafa.

Jumapili, misa ilipokwisha, nilisimama pale nje ya kanisa watu wakiwa bado hawajatawanyika, nikasema kwa sauti kwamba Nicodemo ameua ndama wa dada yangu kwa wivu. Nilisema vizuri, dada, unajua nikisema. Hata jirani yetu Fransiska, ambaye hukubaliana na mimi mara moja kwa mwaka, aliitikia kwa kichwa akasema ndiyo, alimwona kwa macho yake akimpa ndama chumvi ile. Nicodemo alibaki ameshika kofia. Nikaona raha. Tangu siku ile mke wake, Paskalina, akifika kisimani wenzake wanabeba ndoo zao hata hazijajaa.

Jumapili iliyofuata Nicodemo akaja kanisani na ndama wake, yule mmoja tu aliye naye, na kile kilichobaki cha chumvi katika kitambaa. Mbele ya watu akaweka chumvi kinywani mwake mwenyewe, akatafuna, akameza. Kisha akamlisha ndama. Mimi nikacheka nikasema amebadilisha chumvi, hata mjinga angefanya hivyo. Wachache walicheka na mimi. Yule ndama wake hajafa, dada. Kila asubuhi anaruka ua wangu, anasimama pale kwenye maboga yangu ananitazama.

Modest amerudi juzi. Alifika anatazama rejeta kabla hajala. Maji ya kijani yalikuwa yamebaki ya kulowesha kidole. Akabonya mpira wa chini, ukabonyea kama ndizi iliyoiva mno, na karibu na kibano ulikuwa umevimba na kupasuka mdomo. Akanusa mkono wake. Akaniuliza ni nani aliyepaka mipira samli. Nikamwambia labda panya. Mtoto wangu aliyesomea dawa akasema panya wa Tumati wameendelea sana.

Jana akaikokota mpaka kituoni, ikapakiwa kwenye basi hadi kwa Zubery, akarudi anaiendesha. Mipira mipya imefungwa. Ile ya zamani aliipasua kwa kisu hapa mezani kwangu: nje inang'aa kwa samli ya ng'ombe wako, ndani imechanika imekuwa ukoko mweusi. Zubery alimweleza kwamba mafuta yanaumumunya mpira huo, na joto la injini linamalizia. Akamweleza pia kwamba yale maji ya kijani ni matamu, na mnyama akiyaonja hayaachi, nayo yanaua figo. Ndipo Modest akauliza swali ambalo ninakuandikia barua kwa sababu yake. Aliuliza: kama yalivuja yote hayo, mbona sakafu ni kavu?

Sikumjibu. Nakujibu wewe.

Sakafu ni kavu kwa sababu niliweka karai. Siku chache baada ya kupaka samli niliona tone, kisha tone jingine. Ningemwita Zubery siku ile, mambo yangekwisha. Lakini ningemwitaje, baada ya maneno niliyompa? Nikaona bora nikinge. Nikaweka karai langu la bluu chini ya mpira, maji yakijaa kidogo niyarudishe juu, Modest akija akute hakuna aliyejua. Niliweka karai lenye maji matamu upande wa ndama, dada. Mimi, niliyefuga tangu nikiwa mtoto.

Na siku ndama alipoanza kuyumba, kabla sijamwita mtu yeyote, nilitazama chini ya pikipiki. Karai lilikuwa tupu. Lilikuwa limelambwa, linang'aa, na unyevu wa ulimi bado uko pembeni. Nililiosha. Nikalitundika ukutani. Ndipo nikapiga kelele kuita majirani, na kinywa changu kilipofunguka kikatoka na jina la Nicodemo, kama vile lilikuwa limekaa pale likisubiri. Kwa hiyo Jumapili ile sikuwa nimekosea kwa kutojua. Nilijua. Niliposema anaua kwa wivu nilikuwa najua.

Sasa unaelewa kwa nini shemeji asije kumsemea Nicodemo vibaya. Bado simpendi yule mtu. Ni bahili, anacheka ovyo, na baiskeli yake ni aibu kwa kijiji. Lakini alimpa ndama wako chumvi safi kwa mkono wake, na mimi nilimpa sumu katika chombo changu. Kama kuna wa kunyimwa moto Jumamosi, wazee wanajua nyumba yangu.

Ndama wako nitamlipa. Umchague mwenyewe zizini kwangu, usinionee huruma, hata ukimtaka yule mweusi ninayejivunia. Kama utaona sistahili tena kukutunzia ng'ombe, mchukue na mama yake. Nitalia lakini sitabisha. Na Zubery nimemtumia samli chupa moja, nikamwagiza Modest amwambie ni ya kula. Alikuwa na haki. Ana namna mbaya ya kuwa na haki, lakini alikuwa nayo. Leo asubuhi, injini ikiwa baridi, nimebonya mipira mipya kwa kidole changu ili nijue inavyotakiwa kuwa: inabonyea, inarudi. Modest ameandika mwaka kwa rangi nyeupe juu ya rejeta, nami nimeapa hautafika wa tano.

Barua hii anakuletea yeye. Hajui kilichomo, ingawa nadhani anajua. Mpe uji, na kabla hajamaliza umpe jibu moja tu, kama shemeji anakuja kusikiliza au anabaki nyumbani. Mimi nitakwenda kikaoni kwa vyovyote. Nimemwomba Paskalina tuende pamoja. Alinitazama sana, kisha akasema atanipitia. Karai nitalibeba mwenyewe kichwani, kutoka kwangu mpaka pale kwa wazee, kwa njia ya katikati, ili anayeuliza ninakwenda wapi na chombo kitupu nimjibu palepale.

Wasalimie watoto mmoja mmoja kwa majina yao. Mguu usiuchoshe. Nakuomba, dada, usiichome barua hii hata ukikasirika. Iweke, na siku nikianza tena kujisifu mbele yako, nisomee.

Mimi mdogo wako,
Letisia,
mama yake Modest