Usiangalie Kamera, Esperansi

Ujiji, Kigoma
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakupa na ya pili kabisa, maana ya kwanza utasema nimeiandika nimesimama. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa mhudumu wa behewa akuletee, imefika, au ameichulia magoti yake mwenyewe? Na mgahawa wako wa hapo stesheni je? Nasikia umeipandisha televisheni juu ya kabati la vikombe, na sasa watu wanakaa na chai moja mpaka taarifa ya habari iishe. Usiwafukuze, mama. Hao wateja wako wa chai moja nina shida nao, na shida yenyewe utaikuta mwishoni. Najua anayekusomea ni mdogo wangu Mwanaidi. Mwanaidi, usirukie mwisho. Soma kwa utaratibu.

Mimi ni mzima. Nimenenepa kwa samaki migebuka na mawese ya huku, lile gauni ulilonishonea Idi iliyopita zipu yake imegoma. Mvua zimeanza, na barabara ya kuja Ujiji inapitika kwa subira.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, kwa kuwa shangazi anawatangazia watu kwamba mimi ni mtangazaji. Mwambie shangazi mimi natafuta watu. Kipindi chetu kinaitwa Hodi Jirani, ni vichekesho vifupi vifupi vya televisheni. Anayelipia ni shirika moja la kuhudumia wakimbizi, linataka wenyeji na wakimbizi wacheke pamoja badala ya kutazamana kwa jicho la pembeni. Dairekta wetu, Bwana Elibariki, ametokea Moshi. Yeye anasema anataka mtu wa namna gani, na mimi nazunguka sokoni, kambini, hata misibani. Nikimpata namvalisha nguo na kumleta mbele ya kamera. Wengi wao wanaishia hapo hapo.

Tulikuwa tunamtafuta Bi. Mwenyekiti. Huyu ndiye mama wa mtaa anayejua chungu cha nani kina nini, na bila yeye kipindi hakiendi. Wa kwanza nilimpata Kibirizi, kule dagaa wanakoshukia. Anaitwa Chausiku, muuza dagaa. Mteja akitaka kupunguziwa, Chausiku anamuuliza kama hao dagaa alikwenda kuwavua naye. Nilisimama pale nikacheka mpaka nikasahau kununua. Siku ya majaribio akaja na gauni la harusi, poda mpaka shingoni, na mashoga zake wote nyuma. Kamera ilipowashwa akasimama wima kama yuko mahakamani.

"Mimi naitwa Chausiku binti Hamisi, mfanyabiashara, mkazi wa Kibirizi. Sina la ziada."

Dairekta akamwomba agombe kidogo, kama anavyogomba sokoni. "Nigombe na nani? Huyu kaka kanikosea nini?" Tukazima. Papo hapo mpiga picha akamkanyagia gauni, basi Chausiku akamshushia maneno ambayo Mwanaidi hawezi kukusomea, mama, tukakaa chini kwa kucheka. Tukawasha upesi. Akawa wima tena. Tukamkosa hivyo.

Tukabadili mpango, tukasema mwenyekiti awe mwanamume. Nikamleta Mzee Bunyaga, Muha wa hapa hapa, fundi seremala aliyestaafu, mwenye sura ambayo hata akinyamaza inachekesha. Kichekesho chenyewe kilikuwa chepesi: anabisha hodi, anaingia, analalamika kwamba mbuzi wa jirani amekula mahindi yake. Mzee akabisha hodi. Akaingia. Akainama kidogo, akawa anapiga makofi taratibu kama desturi yao ilivyo. "Mwakeye!" akaamkia kwa Kiha. Akauliza hali ya baba wa nyumba, ya mama, ya watoto, ya shamba, ya mvua, ya waliosafiri. Akarudi tena kwa baba. Alipofika kwa mbuzi, muda wa kichekesho ulikuwa umekwisha zamani.

"Mzee, salamu fupisha," Dairekta akamwambia kwa adabu. "Hodi, ingia, lalamika."

"Niingie kwa mtu na shida zangu bila kumwamkia?" Mzee akasema. "Kwani mimi polisi?"

Walijaribu mpaka jua likapinduka. Mzee hakupunguza hata mtoto mmoja. Mwisho akavaa kofia yake akatuaga, na kutuaga nako kulichukua muda. Nilimpenda yule mzee. Bado nikimkuta njiani nasimama, maana ukimwahi kwa salamu ya haraka anakuona umegombana na mtu.

Ndipo tukampata Esperansi. Tulimkuta katika kambi moja upande wa Kasulu, kwenye foleni ya chakula, anamwigiza mgambo anayeita majina. Mgambo mwenyewe alikuwa amesimama pembeni anacheka na kirungu chake. Esperansi ni Mrundi wa Rumonge, kule kandokando ya ziwa, ndiyo maana Kiswahili kinamtoka vizuri. Ni rika langu, mrefu, na mbele ana mwanya mpana wa meno. Nilipomweleza kipindi, hakuuliza malipo wala chakula.

"Hii televisheni inaonekana mpaka wapi?"

"Nchi nzima," Dairekta akamjibu. "Dar wamekubali kuirusha."

"Mpaka huko reli inakopita?"

"Mpaka huko."

"Basi mimi ninakuja."

Nikamnong'oneza Dairekta kwamba huyu anatafuta umaarufu. Akasema wacha autafute, kazi hii haifanywi na wenye haya. Shirika likamwombea kibali cha kutoka kambini kwa siku za kurekodi, na gari lao likawa linamleta.

Nilimvalisha kilemba kikubwa, mto tumboni, na miwani isiyo na vioo. Mama, mtu yule ana kipaji. Akitembea tu, mtaa mzima unaonekana una makosa. Tatizo lake lilikuwa moja. Anasema maneno yake vizuri, watu wanajibu, mambo yanaenda, halafu anageuka na kuikazia kamera macho. Jambo hilo haliruhusiwi, mwigizaji anatakiwa afanye kama kamera haipo. Tena kila akigeuka, miwani imeshuka au iko mkononi.

"Usiangalie kamera, Esperansi."

"Nimesikia, dada."

Anaiangalia tena. Dairekta akamwekea mtu wa kumtazama upande mwingine. Akafunika kamera kwa kanga, likabaki tundu tu. Esperansi alilipata tundu. Wenzetu wakaanza kusema hawa wa kambini hawajawahi kuona mashine, na mimi nikawaambia mbona na Chausiku wa hapa mjini kamera ilimshinda. Lakini moyoni, mama, hata mimi alikuwa ameanza kunichosha.

Mambo yakaja kufunguka Kagunga. Ni kijiji cha wavuvi kaskazini, karibu na mpaka. Dairekta alikuwa na mpango mkubwa: mama mkwe anahamia kwa mkwewe kwa boti, na kitanda, na makochi, na mbuzi, na Bi. Mwenyekiti anampokea ufukweni kwa maswali. Tukabeba vyote hivyo kwenye boti, mbuzi akiwa ndiye abiria mtulivu kuliko wote. Tulikuwa tunapanga makochi kwenye mchanga, boti nyingine ikaonekana inakuja. Haikuwa yetu. Ilikuwa imejaa watu mpaka ukingoni, wametoka ng'ambo, na vitoto vimefungwa migongoni kwa mashuka.

Hakuna aliyesema tusimamishe. Mpiga picha aliweka kamera juu ya kochi, akaingia majini, na sisi wote nyuma yake, tukapokea watoto na mabunda. Esperansi alikuwa mbele yetu sote, na kilemba chake na mto wake tumboni. Hakupokea kitu. Alikuwa anashika kidevu cha kila msichana, anamwinua uso, anamwangalia, anakwenda kwa mwingine. Watu wale walikuwa wamechoka, na mbele yao amesimama kichekesho, lakini hakuna aliyecheka wala kumsukuma. Alipomaliza boti nzima akarudi akakaa kwenye kochi la mama mkwe, mto unachuruzika maji.

Nilikaa naye. Akaniambia anaye mdogo wake, Godeliva. Walikimbia siku moja, boti mbili tofauti, na boti ya Godeliva haikutia nanga Kagunga. Baadaye akasikia kwamba ilitua kusini zaidi, na kwamba msichana wa kufanana naye alipanda treni kwenda Mpanda, ambako kuna Warundi waliokuja zamani. Aliyemwona alimwona Tabora, stesheni. Baada ya Tabora hakuna aliyemwona tena.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Nilisema kwa kila mtu mwenye meza. Wanataka picha. Picha yake sina, naye yangu hana, zote zilibaki nyumbani. Nikaona basi, nitamtumia picha yangu kwa hii mashine yenu. Anione tu kwamba niko mzima na niko upande huu." Akaishika ile miwani. "Lakini na hii puani, dada, hata mama aliyenizaa asingenijua."

Nililia, mama. Nililia pale pale ufukweni na sikuona haya. Halafu tukapakia makochi na mbuzi tukarudi Kigoma, na mpango wa boti haukutajwa tena.

Nilimweleza Dairekta yote. Si mtu mbaya, nataka ujue hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Tatu, masikini yule dada. Lakini vipande nilivyo navyo havifai. Kila kimoja kinakatika anapogeuka. Nikipeleka Dar hivi, watakikataa kipindi chote, na hapo hataonekana yeye wala mwingine." Akamtoa. Mahali pake amepachukua mke wa karani mmoja wa mahakama, mtu wa Iringa, anayejua maneno yake yote na haangalii kamera hata kwa bahati mbaya. Ni mzuri. Ni kama chai isiyo na tangawizi, unakunywa na huombi nyingine. Vichekesho vyote vikarudiwa upya na yeye.

Vyote isipokuwa kimoja. Katika hicho, Bi. Mwenyekiti anaapa mbele ya jirani kwamba jogoo aliyepotea yeye hamjui wala hajawahi kumwona, huku kamficha ndani ya kanga. Basi siku ile, bila kufundishwa na mtu, jogoo akawika kifuani kwake. Miwani ikadondoka. Esperansi akageuka, akaiangalia kamera. Hicho hakiwezi kurudiwa, kwa sababu jogoo yule tulishamla. Nilimwambia Dairekta aache mtazamo ule wote, asiukate. Akaurudia kwenye mashine mara nyingi, na kila mara wenzetu wanaanguka kwa kicheko, maana unaona kama mwizi anakuomba wewe umtetee. Akasema sawa, unabaki, watu watadhani ni dada yake Mwenyekiti.

Nilimpelekea habari hiyo siku gari lilipokuja kumrudisha kambini, maana kibali kilikuwa kimekwisha.

"Uso unaonekana?" akauliza.

"Unaonekana."

"Bila miwani?"

"Bila miwani. Ila watacheka, Esperansi. Hapo ndipo wanapocheka kuliko pengine pote."

"Wacheke tu," akasema. "Mimi siwaangalii wao."

Sasa nisalimie watu kabla karatasi haijaisha. Shangazi mpe shikamoo yangu na ile habari ya utangazaji. Baba mdogo wa mtaa wa Cheyo mwambie miwa yake bado naiota. Bibi mpe salamu zake polepole, karibu na sikio. Shemeji fundi baiskeli asalimiwe, na wale pacha wake wasiojulikana yupi ni yupi, wote wawili. Mwanaidi, asante kwa kusoma, na koo lako pole.

Haya mama, shida yangu ndiyo hii. Kichekesho cha jogoo kitarushwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mara tu baada ya taarifa ya habari. Treni ya Mpanda inaanzia hapo kwenu, na wanaoingoja wote wanapita kwako kunywa chai. Najua Tabora ni kubwa, na najua binti wa watu huenda alishapita zamani. Lakini siku hiyo ijaze mgahawa. Hata asiye na pesa ya chai mwache akae, nami nitakulipa, au usinidai.

Wewe usiangalie televisheni. Najua unapenda vichekesho, na nakunyima kitu, nisamehe. Ipe mgongo, simama pale kwenye birika, uwatazame watu. Jogoo atawika, mgahawa mzima utacheka. Mtafute mmoja ambaye hakucheka. Ukimwona, nenda kakae naye, umsalimie taratibu, baba wa nyumba, mama, watoto, waliosafiri, mpaka salamu ziishe zote. Halafu ndipo umuulize jina la dada yake.

Mwanao,
Tatu